Mistari Myekundu Juu ya Jiwe la Baba

Chama cha mafundi wa nyumbani wa Vermont kina jarida lake, karatasi chache zilizobanwa kwa pini, na majuzi mtu asiyejitaja alinitumbukizia nakala kwenye sanduku langu la barua. Ukurasa wa mbele wamemsifu Lyle Wetherbee. Wamempa kibao cha shaba kwa ajili ya chombo alichokitengeneza mwenyewe cha kupimia kwa mwanga. Wanasema ni mtu mtulivu, mvumilivu, asiye na makuu, na kwamba kazi yake aliifanya katika kipindi kigumu, katikati ya misukosuko ya nyumbani.

Misukosuko ya nyumbani ni mimi. Naitwa Norina Bertagna. Niliacha shule nikiwa msichana nikaenda kushona soksi kiwandani, na hakuna jarida litakaloniandika, kwa hiyo nitajiandikia. Nimekaa na huyo mtulivu nyumba moja, nimemfulia na kumpikia. Namjua kuliko hao waliompa kibao.

Lyle alizaliwa Springfield, kule chini kwenye viwanda vya mashine. Mama yake alinisimulia siku moja kwamba akiwa mtoto hakula biskuti mpaka azipime zote kwa rula, ahakikishe kaka yake hakupewa kubwa zaidi. Yule mama alisimulia kama kichekesho. Nami nilicheka, maana tulikuwa ndio kwanza tumechumbiana, na mtu aliyechumbiwa hucheka ovyo.

Alikuwa fundi wa vipimo kiwandani, kama baba yake. Kiwanda kilipofungwa alikuja huku kwetu Barre kutengeneza misumeno ya kukatia mawe katika banda mojawapo la granaiti. Hapo ndipo tulipokutana, kwenye chakula cha jioni cha kanisa. Mimi nilikuwa nimeshavuka umri ambao wanawake wa hapa huolewa, naishi na baba yangu katika nyumba ya baba yangu. Lyle alihamia humo na masanduku ya vyuma. Nguo zake zote zilienea katika begi moja. Vyuma vyake vilijaza chumba chote cha chini ya nyumba.

Baba yangu, Ermete Bertagna, alikuwa mchonga mawe. Nusu ya waliolala kwenye makaburi ya mji huu ni yeye aliyewachongea maua, malaika na majina, na vumbi la kazi hiyo likamkaa kifuani. Wachonga mawe wa hapa hawapendi kuwaachia wengine jiwe la makaburi yao wenyewe. Kwa hiyo alipoona pumzi inampungukia, alijichongea lake kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Alipiga nyundo kidogo, akapumzika, akapiga tena. Rafiki yake Sisto, waliyechonga naye pamoja tangu ujana, alikuja kila alasiri kukaa naye na kumkera.

"Hilo jani la mzabibu limekaa kama sikio la nguruwe," Sisto alimwambia.

"Bora sikio la nguruwe. Nikikuachia wewe, utaniandika kwa herufi za mlevi."

"Utakuwa umekufa, Ermete. Utajuaje?"

"Nitajua. Nitakuja nikung'oe meno yaliyobaki."

Lilikuwa jiwe la granaiti yetu ya kijivu, lisilo na doa. Mbele alichonga mzabibu, jina lake katika mistari miwili, na mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa kufa aliacha nafasi, Sisto aje auchonge wakati ukifika. Ukingo aliuacha na makovu ya tindo. Nyuma aliacha kama msumeno ulivyokata, tambarare.

Lyle alikuja siku moja na rula yake ya chuma, akailaza kwenye ule mgongo wa jiwe, akachungulia chini yake mwanga unapopenya. Alikaa hivyo muda mrefu. "Mzee," alisema, "mgongo huu umenyooka vizuri kuliko meza yangu ya kazi."

Baba alifurahi, maskini. Alidhani anasifiwa. Kabla theluji haijaanza alimwomba Lyle alishushe jiwe hadi chumba cha chini lisilale nje, na Lyle alilishusha kwa winchi ya mnyororo kupitia mlango wa nje wa chini, taratibu, na wala hakunung'unika. Sijawahi kumwona akifanya kazi ya mtu mwingine kwa moyo kama ule.

Baba alilazwa hospitali baada ya Krismasi. Nilikaa naye huko mchana kutwa, nikirudi nyumbani kulala tu. Alifariki Januari. Januari yetu ardhi ni chuma, kaburi halichimbiki, na wanaokufa wakati wa baridi huwekwa kwenye chumba cha mawe pale makaburini mpaka udongo ulainike. Baba yangu aliwekwa kwenye rafu, na jeneza la mtu mwingine juu yake, akisubiri majira ya kuchipua.

Kina mama wa mtaa walikuja kunipa pole. Walikuja na sufuria na mikate, viatu vyao vimelowa theluji. Lyle akapanda kutoka chini akiwa na miwani yake ya kazi kwenye paji la uso.

"Kina mama, naomba mkae," alisema. "Mkae tu. Msitembeetembee."

Wao walidhani ni heshima ya msiba. Mmoja aliniambia nimepata mume mwenye adabu. Walipoondoka nilibaki nazunguka jikoni nikilia, mkono huu nashika meza, mkono huu nashika kiti, hujui unachofanya wakati kama ule. Lyle akarudi juu.

"Norina. Lia umekaa."

Nikamtazama.

"Ukizunguka, mistari inaruka," alisema. "Nimeshaanza kupima."

Niliuliza mistari gani. Hapo uso wake ukafunguka, na usoni pake kulikuwa na furaha, siku ya tatu tangu baba yangu afe. Akanishika mkono akanishusha chini, mimi ambaye alikuwa amenikataza kushuka tangu Novemba.

Nitaeleza nilichoonyeshwa, maana wanaosoma jarida lao hawaelezwi kilichokuwa chini yake. Alikuwa na bomba la kioo linalotoa mwanga mwekundu mwembamba kama uzi, leza, alilolitoa kwenye mashine ya dukani inayosoma bei za bidhaa. Uzi huo wa mwanga ulipiga kwenye kipande cha kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Nusu moja ilikwenda mbele hadi kwenye kioo kinachosogezwa na skrubu ndefu. Nusu nyingine ilikwenda kando hadi kwenye kioo kisichosogea. Nusu zote mbili zilirudi, zikakutana kwenye kadi nyeupe ukutani, na pale kwenye kadi zikafanya mistari, mwekundu na mweusi, mwekundu na mweusi, kama soksi za mtoto. Kioo kikisogea hata kwa unene wa unywele uliogawanywa mara mia mbili, mistari hutembea. Yeye kazi yake ilikuwa kuihesabu. Alikuwa ameichonga mwenyewe skrubu ya mashine yake ya kukerezea, na mwenyekiti wa chama chao, Orrin Thrall, alisema mbele za watu kwamba skrubu iliyotengenezwa nyumbani haiwezi kunyooka. Lyle alitaka mwanga umjibu Orrin Thrall.

"Pumua," aliniambia. "Pumua karibu na hapo."

Nikapumua. Mistari ikapinda na kutetemeka.

"Umeona? Inajua upo."

Mimi sikuwa naitazama mistari. Nilikuwa natazama chini yake. Vitu vyote vile vilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye sponji, eti hewa isipite, na sanduku lilikaa juu ya kitu kizito, na kitu hicho kilikaa juu ya mipira ya ndani ya magurudumu iliyojazwa upepo. Niliujua ukingo ule. Niliyajua makovu ya tindo.

"Hilo ni jiwe la baba."

"Ni zito, limetulia. Hakuna kitu kama hicho katika jimbo zima."

"Umelilaza kifudifudi."

"Mgongo ndio ulionyooka, Norina. Mbele kuna maua."

Katika mji huu mtu akisikia kitu kimefungwa kwenye jiwe, huuliza jambo moja kwanza. Nikamuuliza. "Umelitoboa?"

"Sijatoboa kitu."

"Lyle."

"Vimekaa tu juu yake. Kwa uzito wake. Ardhi ikilainika utalipata kama lilivyokuwa. Sasa panda polepole, tafadhali, na usifunge mlango kwa nguvu."

Hivyo ndivyo alivyoniambia, ana kwa ana, huku jina la baba yangu limekandamizwa kwenye mpira wa gari. Nikapanda. Wanaoniuliza leo kwa nini nilipanda, nawauliza wao wangelibeba jiwe lile kwa mikono gani.

Miezi iliyofuata nyumba ya baba yangu ilikuwa ya ile mistari. Jumapili, malori ya mawe yakiwa hayapiti, ndiyo iliyokuwa siku yake ya kupima. Jumapili jiko la kupasha nyumba joto lilizimwa kwa sababu feni yake ilitikisa sakafu. Mashine ya kufulia haikuguswa. Friji ilichomolewa, maziwa nikayaweka dirishani kwenye theluji. Nilikaa kwenye kiti jikoni na koti, kofia na soksi mbili mbili, mikono mapajani, na niliposikia kutoka chini "Nani kasogea?" nilijua ni mimi, maana hapakuwa na mwingine.

Kazi yake haikwenda vizuri. Skrubu ilipimika, nayo mistari ilitulia pale alipotaka itulie. Lakini hata akiwa hajagusa kitu, mistari ilitembea. Polepole, upande mmoja tu, kama saa. Wiki hadi wiki iliendelea palepale ilipoishia. Hilo lilimnyima raha. Alipekua kila kitu isipokuwa kazi yake mwenyewe. Kwanza lilikuwa joto. Akanunua sponji zaidi. Kisha ilikuwa barabara. Kisha akaanza kunitazama mimi mezani.

"Umenenepa?"

"Kwa chakula kipi? Unaniachia nipike?"

"Sakafu ya jikoni inalemea upande mmoja. Lazima ni kitu cha juu."

Akanihamishia gunia la unga kutoka kwenye kona hadi kwenye kona. Akahamisha kabati la mama yangu. Akanichorea chaki sakafuni, nisivuke. Akaanza kuniuliza nilipokanyaga, na saa ngapi, kwa sauti ileile anayoulizia msumeno uliovunjika. Mwishowe alisema kwamba nafanya makusudi.

"Unataka nishindwe mbele ya Orrin."

"Simjui hata Orrin."

"Kuna watu hawafurahi mwenzao akifika mbali kuliko wao. Hukusoma, sikulaumu. Lakini usiharibu."

Kila baada ya maneno hayo alishuka chini, nami nilisikia spana. Kri, kri. Kidogo, kisha kimya. Nilimuuliza anakaza nini. Akasema meza. Kila mistari ilipotembea alishuka akakaza, na kila alipokaza ilitembea zaidi, na ilipotembea zaidi alinijia mimi. Ndivyo mume wangu mvumilivu alivyoupitisha msimu ule wa baridi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka Sisto alikuja na mkoba wake wa zana, amevaa aproni safi, kofia mkononi. Alikuja kuchonga mwaka wa kufa. Nilimfungulia mlango wa mbele, Lyle akasimama kwenye mlango wa kushukia chini.

"Umekuja na nini humo?" Lyle aliuliza.

"Nyundo na tindo, mwanangu. Nitachonga tarakimu nne tu, nimalize leo."

"Nyundo? Chini huku?"

"Sasa nitachonga kwa kijiko?"

"Mzee, kitu kilicho chini huku husikia mtu akipumua. Wewe unataka kupiga nyundo juu yake."

Sisto akanigeukia mimi. "Binti yangu, anasema nini huyu? Jiwe la Ermete liko wapi?"

Nilimweleza. Nilimwona akisikiliza na kichwa kikimwinamia polepole. Akamwambia Lyle, bila hasira, "Mtu huyu amekulisha mezani kwake. Mtoe hapo."

"Jumatatu," Lyle akasema. "Chama kinakuja Jumamosi ya kwanza ya Mei kuona. Kabla ya hapo nikilisogeza, kazi ya msimu mzima imekwenda. Jumatatu yake mtalichukua, nitawasaidia mimi mwenyewe kwa winchi. Mmesubiri tangu Januari, mtashindwa kusubiri siku chache?"

Funguo za chumba cha chini zilikuwa zake. Alikuwa amebadilisha kufuli. Sisto akaondoka na mkoba wake, aproni yake haina hata chembe ya vumbi.

Wiki hiyohiyo msimamizi wa makaburi akanipigia simu. Ardhi imelainika, alisema, wanaanza kuzika waliosubiri, na zamu ya Bertagna ni Jumamosi ya kwanza ya Mei. Nikamwambia jiwe halitakuwa tayari. Alimjua baba. "Ermete hana jiwe?" akauliza. Akarudia, "Ermete?"

Nilipomwambia Lyle tarehe, hakuinua macho kwenye sahani. "Siwezi kuhamisha siku ya chama. Barua zimeshatumwa. Wewe nenda kazike, mimi nitabaki na wageni wangu."

"Ni baba yangu."

"Mimi na yeye tulielewana. Asingenilaumu."

Nilikwenda kwa kina mama wale waliokuja Januari, mlango hadi mlango, nikawaambia baada ya maziko chakula ni nyumbani kwangu, kama desturi ilivyo, kila mtu aje, na watoto waje. Nilitwaa sungura kwa mtu anayefuga, nikapika tangu Ijumaa. Lyle alilalamikia kelele za sufuria. Nikaziacha zigongane.

Jumamosi tulimzika. Udongo ulikuwa mweusi na maji yake. Makaburi yale ukisimama katikati yake unaona kazi ya mkono wa baba yangu kila upande, huyu maua yake, yule msalaba wake, na yeye mwenyewe akateremshwa mahali palipokuwa na kijiti chenye namba. Wanaume wa mabanda walikuja wote walio hai. Walitazama kile kijiti kisha wakatazama pembeni. Hakuna aliyeniuliza kitu, na afadhali wangeniuliza.

Nyumbani magari ya chama yalikuwa yameshajaa uani. Tuliingia wote kwa mlango wa mbele, watu kama arobaini wenye nguo nyeusi, kina mama na viatu vya visigino, wazee na mabuti yao. Niliweka ugali wa njano kwenye ubao mezani, nikamwaga mchuzi wa sungura juu yake, divai ikazunguka. Watoto walikimbia ngazini. Mlango wa chini ulikuwa wazi kwa ajili ya wageni wa Lyle, na nilisikia kila neno.

"Inaruka sana, Lyle," sauti moja ilisema. Baadaye nilijua ndiye Orrin Thrall.

"Itatulia. Subirini."

"Huko juu kuna nini? Sherehe?"

"Watu wa mke wangu."

Mwingine aliyekuwa ametoka kuvuta sigara akashuka na kusema, "Orrin, ni msiba. Wametoka kuzika sasa hivi. Tuwaache watu, twende."

"Nani amefariki?" Orrin akauliza.

"Baba mkwe," Lyle akasema. "Januari. Si jambo la leo."

Kisha kichwa cha Lyle kikatokea kwenye ngazi, kichwa tu, mabega yamebaki gizani.

"Norina. Waambie wakae."

"Waambie mwenyewe."

Akawatazama. Nao wakamtazama, sahani mikononi, watu ambao baba zao na mama zao wamelala chini ya mawe ya Ermete. Kichwa kikashuka.

"Inatembea tena," nilimsikia akisema kule chini. "Upande uleule. Mnaona? Ngojeni nikaze mara moja, mtaona itakavyosimama."

Spana. Kri. Kri. Kri.

Kisha jiwe likaachia.

Kwa mgeni ile si sauti kubwa. Ni kama mtu amevunja kijiti kikavu ndani ya pipa, na baada yake mguno mfupi. Lakini jikoni kwangu kila mdomo uliacha kutafuna. Mama mmoja alikuwa anamimina divai, akabaki ameshika chupa hivyo hivyo. Hakuna mtu katika nyumba ile ambaye hakukua na sauti hiyo. Ni sauti ya machimboni, ya mabanda, ya kazi ikienda vizuri. Ndani ya nyumba ya msiba ilikuwa kitu kingine.

Sisto akaweka uma mezani. "Nani anapasua jiwe humu ndani?" akasema.

Nilishuka wa kwanza. Watu wa chama walikuwa wamejibana ukutani. Sanduku la sponji lilikuwa limeinuliwa na kuegemezwa pembeni, na kwa mara ya kwanza niliuona mgongo wa jiwe. Bolti. Safu ya bolti za kutanuka, zile ambazo kila zikikazwa husukuma shimo kwa ndani, katikati kabisa, kutoka mwanzo wa jiwe hadi mwisho, shimo na shimo na shimo, zimepangwa kwa mstari ulionyooka kama alivyonyoosha kila kitu. Na kupitia katika kila shimo, ufa. Jiwe lilikuwa nusu mbili, kila nusu imeinamia mpira wake.

Mtoto yeyote wa Barre angemwambia. Sisi tukitaka kupasua granaiti tunatoboa mashimo kwa mstari, tunatia kabari, tunazikaza moja baada ya nyingine kidogo kidogo, na tunasubiri. Mume wangu alikuwa amefanya hivyo hivyo, hatua kwa hatua, kwa uangalifu kuliko mtu yeyote wa mabandani, kuanzia siku nilizokuwa hospitalini nikimshika baba mkono. Alitoboa wakati ule, nyumba ikiwa tupu. Kisha alinitazama machoni akaniambia hajatoboa kitu.

Sisto alivua kofia. Wengine nyuma yake ngazini wakavua.

Lyle hakutuona. Alikuwa ameinama, spana bado mkononi, kidole chake kinafuata ule ufa. Akatazama kile kioo cha kando, kisichosogea, kilichokuwa upande mmoja wa ufa. Akatazama kipande cha kioo cha kugawa mwanga, kilichokuwa kwenye safu. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Ilikuwa inafunguka," akasema. "Tangu Januari. Orrin, njoo uone. Kioo cha kando kiko ng'ambo ya ufa. Jiwe lilikuwa linafunguka polepole na mistari ilikuwa inalifuata." Akainuka, na uso wake ulikuwa uleule alionionyesha siku ya tatu ya msiba. "Chombo kilikuwa sahihi. Muda wote kilikuwa sahihi. Haikuwa joto. Haikuwa barabara."

Hapo ndipo aliponiona. Akaninyooshea spana, anatabasamu, kama mtu anayempelekea mwenzake habari njema.

"Haikuwa yeye," akawaambia.

Orrin Thrall alitazama chini, kwenye zile nusu mbili. Nusu moja ilikuwa imeinama kiasi cha kuonyesha upande wa chini. Zabibu zilionekana, na herufi chache. Alizisoma. Kisha akanitazama mimi na nguo zangu nyeusi. "Mama," akasema, "hatukujua." Akatoka kwa mlango wa nje, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kuagana.

Niliwaambia wanaume wa mabanda, "Mpandisheni baba."

Walishuka wote, hata wenye vifua vibovu. Mmoja alikata waya za leza kwa kisu cha mezani ili zisimkwaze. Walipoanza kupitisha mikanda chini ya nusu ya kwanza Lyle akaja mbio na penseli.

"Subirini kidogo. Niweke alama vioo vilipokuwa. Nipime upana wa ufa tu, dakika mbili, halafu mtachukua."

"Ondoka hapo, mwanangu," Sisto alimwambia.

"Dakika mbili."

"Mwanangu, mimi ni mzee na nimeshika upande mzito. Ondoka."

Hakuna aliyemsubiri. Aliupima ufa njiani, akitembea kinyumenyume mbele yao na rula yake, mpaka mlango wa nje.

Alihama mwezi ule. Nyumba ilikuwa ya baba yangu na sasa ni yangu, na sikutaka maelezo. Alisema nina kinyongo. Alisema jiwe linaweza kuunganishwa, kuna gundi nzuri siku hizi, mstari wake hata hautaonekana. Alichukua bomba lake, vioo vyake, skrubu yake. Bolti za pembeni, zilizoshika vioo mbali na ufa, aliziacha kwa sababu hazikuweza kutoka.

Sisto alizing'oa kwa wiki nzima na kuziba mashimo, maji yasiingie yakaganda. Akachonga mwaka wa kufa kwenye nusu ya kulia, tarakimu zake zimesimama wima, hakuna hata moja iliyolewa. Sikukubali gundi. Tulizisimamisha nusu mbili pamoja, na katikati nafasi ya kidole: ERM huku na ETE kule, BERT huku na AGNA kule, mzabibu umekatwa shina. Watalii wanaokuja kutazama makaburi yetu husimama mbele yake. Mara moja nilimsikia mwongoza wageni akiwaambia ni sanaa, kwamba ule uwazi ni maisha na kifo. Nikamwambia azunguke nyuma akahesabu viraka.

Sasa nimeletewa hili jarida. Kibao cha shaba hakikutolewa kwa ajili ya skrubu. Skrubu hawaitaji kabisa. Wamechapisha mchoro, mstari mmoja unaopanda polepole kuanzia Januari, unaopanda kwa kasi zaidi Aprili, na unaoruka juu ghafla mwanzoni mwa Mei. Chini yake wameandika kwamba mwanachama mwenzao Lyle Wetherbee, akiwa na chombo cha gharama ndogo alichokitengeneza katika chumba cha chini cha nyumba, amefuatilia kufunguka kwa ufa katika bamba la granaiti la kienyeji kwa msimu mzima wa baridi, jambo ambalo wataalamu wenye vyombo ghali hawalipati kirahisi. Wamemshukuru kwa uvumilivu.

Bamba la granaiti la kienyeji. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti jikoni siku zile, ndani ya koti, nimekatazwa kutembea, na mstari ule unapanda. Pale unapoanza kupanda ni wiki niliyokatazwa kulia nikiwa nimesimama. Pale Aprili ni Sisto na aproni yake safi. Pale unaporuka, kuna watu arobaini wameacha kutafuna.

Nimeukata mchoro huo kwa mkasi na kuupeleka kwa Sisto, nikamuuliza kama anaweza kuuchonga kwenye mgongo wa jiwe, juu ya viraka, na chini yake jina la Lyle Wetherbee kwa ukamilifu, kwa herufi zake nzuri. Aliushika muda mrefu karibu na dirisha. Akaniuliza nataka kina gani.

Nikamwambia kina ambacho hakitafutika.